Seva Iliyokuwa Ikijichosha

Rumonge, Jumanne

Sikufuta hata makala moja. Asubuhi prosesa ya seva yangu ilielemewa, tovuti yangu ya habari ikagoma kufunguka. Fundi wetu wa Bujumbura, Yusufu, akanipigia: "Muzee, makala zako iko mingi mno. Tufute za zamani, mashine ipumue."

"Anza kufuta ndevu zako!" nikamjibu.

Makala zikifutwa, nani atawakumbusha wakubwa walichowaahidi wakulima wa michikichi wa Kigwena?

Nikachunguza mwenyewe. Kila seva yangu inaponakili mafaili kwenda ile ya Bujumbura, huandika taarifa ya kazi hiyo ndani ya folda ileile inayonakiliwa. Folda ikibadilika, kunakili kunaanza upya. Kamati inayokutana kujadili kikao chake!

Nimeihamishia taarifa folda nyingine. Mashine imepoa.

"Umeshinda, Muzee," Yusufu akacheka. "Sasa andika fupi."

Makala ya kesho itakuwa ndefu. Naogopa kidogo tu kwamba wakubwa hawataisoma. Wakulima wataisoma.