Mama Yako Ndiye Aliyeshika Ngazi

Sifa, mwenzangu,

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Ulikuwa unaniambia, "Furaha, kama iko kitu, sema kitu." Kitu ndicho hicho. Naogopa, na kila mtu ninayeweza kumwambia huku Kasongo, nikimwambia nitamtia hofu na yeye. Wewe peke yako ndiye hofu haikupati tena.

Tangu utuache nimeshika kalamu mara nyingi nikashindwa. Nikiandika jina lako naona Kabambare. Naona lile jengo la ofisi la wakati wa wakoloni, matofali mekundu, vigae vimeota majani. Tunalipima kwa masomo yetu: wewe umeshapanda juu ya dari, mimi niko chini nimeshika ncha ya mita. Siku zote ulipanda wewe. Kule Kinshasa, darasani, walitutania: wasichana wawili wa Kasongo, mmoja paka, mmoja kuku. Siku ile ulikuwa unaongea kutoka juu. "Hakuna kitu huku, ni harufu ya popo tu." Halafu ile sauti. Watu wananiuliza kama ilikuwa kelele kubwa. Haikuwa kubwa, Sifa. Ilikuwa kama mtu amevunja muhogo mkavu. Boriti uliyoikanyaga ilikuwa nzima kwa nje, ndani mchwa walishaimaliza. Ulitutoka njiani kwenda hospitali, juu ya piki-piki, nimekukumbatia kwa nyuma, na dereva akiendelea kuniuliza, "Anapumua? Dada, anapumua?" Na mimi namjibu ndiyo, ndiyo, hata baada ya kujua.

Baada ya maziko niliogopa nyumba. Cheka, nakuruhusu. Mtu anayesomea digrii ya masta ya kutunza majengo ya zamani, anaogopa kuwa chini ya paa. Kwa shangazi yangu nililala barazani mpaka mvua iliponifukuza. Kanisani nilikaa karibu na mlango, namsikiliza padre huku macho yangu yako juu. Mdogo wako Amani alisema ataenda Salamabila kuchimba dhahabu, na akaenda kweli. Mimi badala ya kumzuia nilimuuliza mashimo ya huko yameegemezwa na nini. Mama yako alinitazama, akaingia ndani.

Profesa wetu alinipigia simu. Akasema, "Ukiacha masomo nitaelewa, Furaha. Lakini ukitaka kumaliza, chagua jengo la kwenu, ulichore kutoka nje tu." Nikachagua materniti ya zamani ya hapa Kasongo, ile ya matofali ya kuchoma tuliyozaliwa ndani yake wewe na mimi. Kila asubuhi niliweka kiti uwanjani nikachora. Wamama walipita na ndoo zao wakinisalimia, na yale maswali tuliyozoea kuulizwa sisi wawili yakarudi: "Nyumba mupya haziko, mutoto wetu? Unasomea hizi za kuanguka?" Nilicheka nao. Kwa nje nilikuwa hodari kabisa.

Lakini ukikaa mbele ya ukuta siku nyingi, ukuta unaanza kukuonyesha mambo yake. Juu ya dirisha la chumba cha waliojifungua niliona matofali yamejitokeza nje kidogo, kama tumbo la mimba changa, na ufa umepanda kutoka hapo hadi kwenye paa. Nikapaka plasta nyembamba juu ya ufa, kama tulivyofundishwa. Mvua mbili tatu zikapita, nikaikuta plasta imekatika. Unajua maana yake. Ufa ulikuwa unatembea, unazidi kufunguka.

Nilikwenda siku ile ile kwa Masera Konsolata. Unamkumbuka, yule mtawa mrefu. Sasa yeye ndiye mkuu wa materniti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono. "Mwanangu, nyufa ziko kila pahali. Wamama wangu nitawapeleka wapi na mvua hii, wengine wamepasuliwa jana? Panda, uone kwa macho, kisha uniambie nikuamini."

Panda. Neno dogo namna hiyo. Nilitoka nikatafuta mtu mwingine wa kupanda.

Nilimwomba Fundi Lubunga, seremala wa kule Lusangi, apande badala yangu. Alikubali bila shida. Ila tundu la kupandia darini ni dogo, na yule baba ana mabega ya kubeba ng'ombe. Alijaribu upande, alijaribu mikono juu, akakwama mpaka wauguzi wakaanza kucheka na kumvuta miguu. Alishuka amejaa vumbi. "Masera, hili tundu ni la mutu mwembamba," akasema, na wote wakanigeukia.

Niliwaambia kesho. Kesho yake nikasema nina homa. Mchana ule mvua kubwa ilinyesha, na mimi nilisimama kwenye baraza la materniti nikiitazama ile plasta iliyokatika. Ndani mtoto mchanga alikuwa analia, analia, na mama yake anamwimbia. Nilitaka kukimbia, Sifa. Nilitaka kukimbia hata Nyangwe, nivuke mto, niuze samaki, nisione tena tofali maishani mwangu.

Habari ilimfikia mama yako. Mji wetu unaujua. Yeye ndiye niliyemwogopa kuliko ufa, kuliko mchwa. Nilifikiri atakuja kuniuliza, umemaliza mtoto wangu na bado unapanda? Alikuja kweli, asubuhi mapema, kitenge amekifunga kwa nguvu kama mtu anayekwenda shambani. Alinikuta chini ya ngazi, nimeishika, sipandi.

"Unapanda na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu, Mama Feza."

"Nani anashika ngazi?"

Nikamwonyesha fundi kwa kidevu. Akamsogeza Fundi Lubunga pembeni kwa kiwiko, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaweka mguu wake mbele ya mguu wa ngazi. Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama: "Ukiwa huko juu usinyamaze. Sema kila unachoona. Nataka kusikia sauti yako mpaka utakaposhuka."

Nikapanda. Fundi alikuwa ameshanipitishia mbao za kulaza juu ya boriti ili nisikanyage dari. Nilijilaza kwa tumbo kama mjusi. Giza, joto, popo, tochi mara mdomoni mara mkononi. Na nikasema. "Mama, niko kwenye boriti ya kwanza, ni ngumu. Mama, naona mwanga kwenye kigae. Mama, nasogea." Na yeye kutoka chini, kila mara, "Ndiyo. Nakusikia. Endelea." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Ya kwangu ilikuwa kama ya mbuzi.

Nilipofika ukutani, juu ya lile dirisha, niligusa ncha ya boriti pale inapoingia kwenye matofali. Kidole changu kiliingia chote. Unga, Sifa. Ya pili yake vilevile. Kwa nje kuna mtu alishapaka ukuta saruji zamani, na mfereji wa bati wa maji ya mvua umetoboka. Maji yameingia ukutani yakakosa pa kutokea, yakaozesha mbao, mchwa wakamalizia. Paa lote la upande ule lilikuwa limekalia unga, na chini yake, nilipochungulia kwenye mwanya wa dari, niliona kitambaa cha manjano na kichwa kidogo chenye nywele nyeusi.

Hapo sauti ilinikatika. Mwili wote ukaniganda, sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nilikojoa. Nakwambia wewe tu. Kutoka chini nikasikia mama yako anaita, na mara hii sauti yake ilipasuka: "Furaha! Furaha! Sema!" Nadhani siku ile, kwa mara ya kwanza, aliona yale niliyoyaona mimi Kabambare. Hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikasema, "Niko, Mama. Niko hapa." Nikarudi kinyumenyume, ubao kwa ubao, naye ananihesabia pumzi. Mguu wangu ulipogusa ngazi alinishika kisigino akakibana, na hakukiachia mpaka nilipofika chini.

Masera hakuuliza swali la pili. Wamama walihamishiwa kwenye ukumbi wa parokia kabla jua halijazama, wengine wamebebwa na vitanda vyao. Walilalamika, na haki yao: ukumbi unavuja, choo kiko mbali. Mume mmoja alinipigia kelele mbele ya watu, "Umesoma kufukuza wazazi!" Nyumba haikuanguka. Siku zikapita, nayo imesimama tu inatutazama. Baadhi ya wakubwa wa parokia walisema basi tuibomoe, tujenge ya blok za saruji na mabati. Ilinibidi nisimame mbele yao nieleze kwamba kuta ni nzima, kwamba ugonjwa uko pahali pamoja na unatibika. Na nilieleza. Fundi Lubunga aliegemeza paa kwa nguzo, akakata ncha zilizooza, akaunga mbao mpya ngumu kwenye zile za zamani. Saruji ya nje tuliibandua tukapaka chokaa, ukuta upumue. Mfereji ni mpya.

Wamama wamerudi juzi. Niliingia wa kwanza, nikakaa chini ya ile boriti mpaka vitanda vyote vilipopangwa. Sasa kila wingu likikusanyika naogopa tena, kwa sababu wamelala mle kwa neno langu. Profesa anasema hofu hiyo itazoeleka. Sijui. Sina hakika kama nataka izoeleke.

Na jana mama yako amenijia. Amesema, "Kazi yako hapa imeisha. Sasa nipeleke Kabambare. Nataka kuona pahali." Nimesema ndiyo kabla ya kufikiri. Tumepata piki-piki mbili, tunaondoka Jumatatu. Lile jengo bado liko wazi, nasikia watoto wanacheza ndani yake. Naogopa barabara, naogopa lile jengo, naogopa uso wa mama yako atakapouona mlango.

Nenda na amani, Sifa. Sitakudanganya kwamba nitakuwa hodari. Lakini nakuahidi: mama yako atasimama uwanjani kadiri moyo wake utakavyotaka, nami nitakuwa kando yake, na hatapita kizingiti. Na hatutatoka Kabambare mpaka nimeziba ule mlango kwa mikono yangu, asiingie tena mtoto wa mtu.

Mwenzako,
Furaha