Sponji ya Kulea Ugonjwa wa Kamanda

Karakana ya Magodoro,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kitindamimba,

Habari za huko mbali, mdogo wangu? Baridi imekuachia masikio? Shemeji hajambo, na pacha bado wanakushinda kula? Sisi huku wazima, isipokuwa dada yetu Kamanda, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenikatiza.

Lile jipu lake la mkononi, juu ya kiwiko, siyo jipu. Ni saratani. Atapasuliwa Alhamisi, na daktari ana matumaini. Hilo tumelipokea. Linaloninyima raha ni jingine.

Amekuja mtafiti mmoja, kijana msafi, hata viatu havina vumbi. Anaomba kipande cha uvimbe wakishautoa, wakakioteshe maabara ndani ya sponji. Nikamwambia, "Yaani sisi tunahangaika kuutoa, ninyi mnaulea?" Akacheka. Mtu anayecheka kabla ya kujibu mimi simwamini. Nimetembea, mdogo wangu, nimetapeliwa kwa lugha ambazo wewe hujawahi kuzisikia.

Kamanda akagoma kutia sahihi mpaka mimi nikakague. Unamjua anavyonisema: "Huyu hudanganya katika kila kitu isipokuwa godoro." Nikaenda na shati langu la harusini.

Chumba kinanuka spiriti, majokofu yananguruma kama yana ugomvi. Sponji zenyewe ni ndogo kama kifungo cha koti, eti zimetokana na ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa. Nikauliza kwa nini wasiuweke kwenye kisahani tu. Akasema kwenye kisahani ugonjwa unajifanya mpole, dawa yoyote inauchapa. Ukiujengea nyumba iliyofanana na mwili, unavua koti na kuonyesha tabia zake, na hapo ndipo wanaujaribia dawa. Maneno matamu. Ndiyo yaliyonitia shaka zaidi.

Akaniwekea sponji mbili mezani, tupu, za kuonyesha wageni. Hajamaliza maelezo, nilishazibonyeza kwa kidole gumba, mazoea ya kazi. Ya kwanza laini kama mkono wa mtu mwenye afya. Ya pili ilinirudishia kidole vilevile kama uvimbe wa Kamanda, siku aliponishika gumba akaliweka pale na kuniuliza hiki ni nini. Ugumu ule haupatikani kwa kubahatisha. Kijana anamjua adui kwa kumgusa.

Njia nzima ya kurudi nilitafuta kasoro. Nilimkuta Kamanda anakunja nguo kwa mkono mmoja.

"Gumba limesemaje?"

Nikachukua shuka nikaanza kukunja.

"Wewe ukikosa maneno, basi yule kijana ni mkweli."

"Kazi yake ni ya kweli. Yeye bado simwamini."

"Usimwamini. Mimi nimekaa na kitu hiki mwaka mzima na sikijui. Waache wakijue."

Akatia sahihi. Nimemwambia kijana kila Ijumaa nitapita kuchungulia. Akasema karibu. Hata hiyo karibu yake naitilia shaka.

Mpigie Kamanda Jumatano jioni, umchekeshe. Usilie kwenye simu. Lia ukishakata, kama nifanyavyo mimi.

Nisalimie shemeji, pacha, na yule mjomba anayejidai hanikumbuki. Mungu awafunike nyote, na mkono wa dada yetu aushike Yeye kabla ya daktari.

Ni kaka yako akupendaye hata usipojibu,
Bingwa wa Magodoro