Ruta Niliyohama Nayo

Mwenzangu, nimekwisha. Mama ameniona kwenye ile ramani ya simu anayonifuatilia nayo tangu nihame. Eti niko kwa yule bwana niliyemwacha!

Mimi niko kwangu! Kwangu! Nimekaa kwenye kochi!

Nimemuuliza fundi simu, kacheka. Anasema ukiwa ndani, simu inajua ilipo kwa kuangalia wifi za karibu. Na ruta hii ya wifi si niliibeba kutoka kwake siku naondoka? Basi simu inadhani bado tuko kule, mimi na ruta.

Nikampigia Mama video aone mwenyewe. Kakodoa macho: "Hayo mapazia si ya kwake? Na kochi hilo?"

Ni ya kwake 😭 Nilihamisha sebule nzima yeye akiwa kazini. Na Mama nilimwambia nilitoka na nguo za mwilini tu, akanililia wiki nzima.

Nikinyamaza, nimerudiana naye. Nikisema ukweli, mwizi.

Nikanyamaza.

Mama kasema, "Shangazi zako wameshapanda gari, wanakuja kukutoa humo."

Humo wapi? Kwake! Wanakwenda kubisha kwake!

Na unamjua alivyo na adabu, atawakaribisha ndani. Sasa atawakalisha wapi?