Kinyama cha Mama Mlichokizika

Ipuli,
Tabora.
12 Agosti 2024

Mpendwa Kaka Idrisa,

Shikamoo, ingawa leo inanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Joto la Maskati linasemaje? Shemeji Najiat na watoto wazima? Sisi tunapumua. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Yasmini barua hii. Anapanda ndege kesho kuja huko.

Kaka, umenikasirisha! Daktari Apolinaria alikata kinyama kwenye uvimbe wa titi la mama, akakitia ndani ya kichupa, akatukabidhi tukipeleke Mwanza kupimwa. Wewe ukampigia ami Abdulatifu: "Kiungo cha Muislamu hakisafirishwi kwa treni kama gunia la karanga. Kizikeni." Ami, aliyekabidhiwa kichupa, akachimba nyuma ya nyumba, akasoma dua, asituambie kitu. Wiki tano tunangoja majibu! Mimi nawatambia majirani kuwa kinyama chetu kiko Mwanza kwenye mashine kubwa, kumbe kipo hatua kumi kutoka kitandani kwangu.

Daktari alipouliza, ami akajibu bila haya: "Tulishakisitiri." Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja. Uvimbe uliokuwa kama njugumawe sasa ni limau.

Kikakatwa kingine. Hicho nilikipakata mwenyewe hadi Mwanza, sikufumba jicho. Wewe ungeshuka njiani, stesheni ya Bukene, ukakizika.

Majibu: si saratani ya titi tunayoijua. Ni ya chembe nyeupe za damu, imepiga kambi kwenye titi. Ni adimu, daktari ameiona mara mbili tu. Haitaki titi likatwe, inataka dawa za dripu, mizunguko sita, na watu hupona. Mimi niliyeishia kidato cha pili nimeelewa. Wewe mwenye diploma umemwambia mama, "Likatwe tu yaishe." Yaishe nini, na chembe zinatembea damuni?

Dawa zinaanza Jumatatu tarehe 26. Mama hataki kwenda: "Mwanangu mkubwa hajasema niende." Mimi mbeba kichupa sihesabiki!

Ami anakusalimu, ila haniangalii usoni. Dada Maua pia anakusalimu. Mungu akuhifadhi ugenini, akuzibue na masikio.

Mpigie mama, umwambie aende. Ikifika Jumamosi tarehe 24 kimya, nitaazima simu ya jirani, nibane pua, niseme kwa sauti yako: "Mama, nenda." Dhambi ya uongo tutagawana.

Mdogo wako akupendaye hata ngumi ikiwa imekunjwa,
Abbasi