Jemadari wa Mashariki Ameasi

Kasubi, Kampala
Jumatano, 14 Novemba 2018

Mpendwa kaka Ogwal,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, joto la Doha halijakumaliza, na mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama ulinzi getini umepata nafuu. Sisi tunaendelea, isipokuwa Baba, na habari zake nitazifikia. Mama hajambo. Binti yangu Acayo ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anang'ang'ania muwa.

Utashangaa kuandikiwa barua wakati kila mtu ana simu. Simu yangu na ya Mama ziko ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha Baba tangu Jumamosi. Alisema vita ikianza mawasiliano yanafungwa. Usicheke. Mimi nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, kicheko kikaniishia. Basi barua nampa Wamalwa, yule jirani yetu Mkenya, anayeruka leo jioni kuja kazini hukohuko kwenu.

Vita yenyewe iko kwenye kompyuta. Unaukumbuka ule mchezo wa dola ya Warumi uliomwekea kabla hujaondoka, ili astaafu bila kugombana na majirani? Ameukuza, kaka. Alikuwa na nchi ishirini na sita. Majemadari wote amewapa majina yetu, maana mchezo unaruhusu. Mama anashika mji mkuu na wala hajui. Baba mdogo Odyek ana kaskazini. Wewe alikupeleka mashariki kabisa, ng'ambo ya jangwa, kwa kuwa ndiko uliko, akakupa jeshi kubwa kuliko yote. Mimi sina jeshi. Mimi ni karani wake, nakaa kwenye kigoda kando yake.

Kila asubuhi kabla ya chai anaita gwaride, kama alivyotuita tulipokuwa wadogo kule kambini, alipokuwa bado jeshini. Anasoma majina, mimi naitika. "Ogwal!" "Yupo, afande!" Mwaka mzima na nusu nimekuitikia hivyo, na majirani wameshaacha kuuliza.

Wiki iliyopita alilazwa hospitali ya Mulago siku tano kwa ajili ya moyo. Upasuaji ni tarehe ishirini na saba. Siku ya kwenda alinishika mkono akasema, "Atoo, nakuachia wewe. Endesha pole pole, usianzishe vita, na barua ikikuja, soma."

Barua zilikuja. Jemadari Ogwal aliandika kwamba askari wake wamechoka, wamekaa ugenini muda mrefu, wanaomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Chini kulikuwa na vitufe viwili, kukubali na kuahirisha. Nikaahirisha. Ikaja ya pili, nikaahirisha. Ya tatu ilipofika Alhamisi nilipata wasiwasi, nikauhifadhi mchezo kwanza, halafu nikaahirisha tena. Ijumaa haikuja barua yoyote. Ramani ya mashariki ikabadilika rangi mbele ya macho yangu, nchi tisa kwa mpigo, na juu yake likaandikwa jina lako.

Jumamosi Baba alirudi akaketi mbele ya kompyuta hata koti hajavua. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Unajua yaliyompata mwaka wa themanini na tano, serikali ilipopinduliwa, alipoamka kambini akakuta watu aliokula nao sahani moja jana yake wamemgeuzia bunduki. Alitusimulia mara moja tu, na alipomaliza akatoka nje akasimama peke yake. Ndivyo alivyotoka Jumamosi. Aliporudi ndani alisema, "Mtu ya mbali akinyamaza, ujue anajipanga. Miezi nane huyu kijana hajaniambia kitu." Sikujua kama anamsema jemadari au anakusema wewe. Nadhani hata yeye hajui.

Tangu siku ile kwenye gwaride analiruka jina lako. Anamwita Mama, anamwita Odyek, halafu pale ulipokuwa ananyamaza kidogo, kisha anaendelea na wengine. Mimi nasimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi.

Na sasa ameita ukoo wote Jumapili ya tarehe ishirini na tano, ili kabla ya upasuaji amtaje mtu atakayeshika nyumba yake. Sote tulijua atakutaja wewe. Jana alimwambia Mama, "Ogwal asitajwe." Mama analia jikoni, ukimuuliza anasema ni vitunguu.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa.

Mwezi wa tatu uliniambia mkataba wako umekwisha na unataka kurudi, nikuulizie kwa Baba. Nyumba yetu unaijua, hakuna anayemruka mkubwa wake, nami ndiye mkubwa wako, na maneno ya kwenda kwa Baba yamepita kwangu tangu utoto. Mwezi wa sita ukaniuliza tena. Mwezi wa tisa ukaniuliza mara ya tatu, nikakujibu kwamba Baba bado anafikiria, na wewe kwa utii wako ukaongeza mkataba. Baba hakuwahi kufikiria lolote, Ogwal. Sikumwambia hata mara moja.

Sababu yake ni aibu tupu. Utoto wetu wote wewe ndiye uliyeketi karibu naye, mimi nikaleta maji ya kunawa. Ulipoondoka, akaniita mimi nikae. Mimi ndiye ninayeulizwa tuvuke mto au tusubiri. Akinisifu naringa siku nzima kama mtoto. Nilijua ukirudi nitainuka kwenye kile kigoda siku hiyohiyo. Nilikuonea wivu, na nikakuweka jangwani miezi nane kwa ajili ya kigoda. Nakuomba msamaha, na sijui kama mimi mwenyewe ningemsamehe mtu kama huyo.

Hali ilivyo leo, Baba amekushinda. Umebaki na mji mmoja, amekuzingira pande zote, na mchezo unamuuliza akikukamata akuue, akufunge au akusamehe. Swali limebaki kwenye kioo tangu jana. Anasema atalijibu Jumapili hiyo, mbele ya ukoo. Tangu atoke hospitali hajaufunga mchezo wala kuuhifadhi. Kompyuta inakesha, na lile betri kuukuu chini ya meza ndilo linaloishikilia umeme ukikatika.

Asubuhi hii alipolala kidogo nilikaa pale peke yangu. Kitufe cha kusamehe kilikuwa hapo, na mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Sikukibonyeza. Nimeshajibu mara tatu kwa niaba yake, ya nne aijibu mwenyewe.

Kwa hiyo usipitie tena kwangu. Simu yake anayo mfukoni. Mpigie kabla ya Jumapili ile, umwambie ulitaka kurudi tangu mwezi wa tatu, na umtajie aliyekuzuia. Najua napaswa kumwambia mimi. Kila nikifungua mdomo nauwazia moyo wake, au labda nakiwazia kigoda, nami nafunga mdomo.

Mama anakusalimu sana. Shangazi Anena anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Acayo anauliza utamletea nini. Baba hajatuma salamu, na sitakutungia za uongo, nimeshakudanganya vya kutosha. Mungu akulinde hapo getini na njiani, akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye, ingawa sikuonyesha,
dada yako Atoo

N.B. Wamalwa bado hajapita, kwa hiyo naongeza haya haraka. Saa nane umeme ulikatika, betri likalia kidogo likazimika. Uliporudi, Baba aliwasha kompyuta mwenyewe. Mchezo umefunguka pale nilipouhifadhi mimi, siku ile ya Alhamisi. Mashariki yote ni yetu tena, na katikati ya kioo ipo barua yako ya tatu, askari wamechoka, wanaomba kurudi nyumbani, na chini yake imeandikwa kwamba maombi mawili ya kwanza yaliahirishwa. Baba ameisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili. Ameniuliza bila kugeuka, "Hii barua ilikuja siku gani?" Nimeikimbilia barua hii. Sasa amesimama, anaita gwaride mchana huu. Amemwita Mama. Amemwita Odyek. Amekuita na wewe, kaka, jina lako kwa sauti, na anangoja mtu aitike. Safari hii sitasema yupo. Barua naiacha mlangoni kwa Wamalwa, naenda kumwambia uko wapi na kwa nini.