Gumba Lililo Chini ya Chombo cha Maua

Karatu,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima na goti lako limepoa kidogo. Mimi mwili hauna neno. Ukungu wa Ngorongoro unatushukia kila asubuhi, sabuni madukani tunaisikia tu, lakini hatujalala njaa.

Mama, barua yako niliipata. Umeandika kwamba chombo cha maua nilichokuletea kiko madhabahuni, mchungaji amekisifu mbele ya watu, na kila ukibadilisha maua unapitisha kidole kwenye ile alama ya gumba iliyo chini yake, unasema, "Huu ndio mkono wa mwanangu." Sasa unaomba cha pili, vikae viwili. Niliisoma nimejificha nyuma ya tanuru, kwa aibu ambayo sijawahi kuiona tangu unizae.

Gumba lile si langu, Mama.

Ni la Dada Paskalina, Mwiraqw wa Endabash, fundi wetu wa ufinyanzi. Kazi yangu mimi ni kukanyaga udongo na kupasua kuni. Yeye ndiye aliyechanganya udongo mwekundu wa hapa na ule mweupe unaotoka upande wa Malambo, akaufinyanga kwenye gurudumu, na ulipokauka kidogo akaukwangua taratibu mpaka ile michirizi ya rangi mbili ikatokeza. Akanipa bure. "Mpelekee mama yako," akasema, "mwambie Paskalina anamsalimia." Salamu nikazimeza, nikaandika kwamba nimekitengeneza mwenyewe. Nilitaka Baba Mdogo asikie, yeye aliyesema nitarudi mikono mitupu.

Kibaya zaidi, kila wiki dada huyu aliniuliza, "Mama kasemaje?" Namjibu umeshukuru sana. Basi anafurahi, anaendelea na kazi huku anaimba.

Barua yako ilipofika nikamweleza yote. Nilidhani atanitukana. Alinawa mikono, akainuka kwenye gurudumu.

"Mama yako simfinyangii uongo mwingine," akasema. "Kaa hapa."

Ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Kila siku baada ya kazi nakaa pale, udongo unanirukia usoni, wenzangu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Rangi zangu huishia kuwa tope tu, na vyombo vingi vimepasuka motoni. Kimepona kikombe kimoja, nacho kimeinama upande. Utaletewa na dereva aliyebeba barua hii.

Mchungaji naomba umweleze ukweli. Ukiona uzito, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Nisalimie Baba, na dada yangu Neema anayekuchotea maji. Baba Mdogo mwambie alikaribia kusema kweli. Paskalina anakusalimia, safari hii salamu zake nimezifikisha.

Ukigeuza kikombe utakuta gumba. Hilo ni langu. Kama umenisamehe, Mama, weka kidole chako hapo.

Ni mimi mwanao,
Elia