Mlango wa Ateliye ya Alphonse

Baraka, Fizi
Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024

Mpendwa wifi Marthe,

Pokea salamu zetu kutoka huku ng'ambo ya ziwa. U hali gani hapo Nyarugusu? Watoto wangali wanasoma? Na yule mdogo, ameacha kukojoa kitandani au bado anamsingizia paka? Sisi tungali hai, na mihogo imekubali mwaka huu. Tunamshukuru Mungu.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi hapa mtu hasemi mambo ya nyumbani mwake kwa sauti.

Kila mara uliponiuliza habari za ndugu yako Élie nilikwepa. Leo sikwepi. Tangu kabla ya Pasaka mume wangu hajaonja lutuku. Unaikumbuka ile pombe kali ya mihogo? Ndiyo iliyokuwa inamlaza shambani mvua ikimnyeshea, shemasi mzima wa kanisa, huku watu wakija kunipa pole kwa malaria yake. Malaria gani hiyo ya mwaka mzima!

Muuguzi mmoja ndiye aliyemnong'oneza kwamba nyuma ya ateliye ya Alphonse, ile karakana ya fundi wa mbao, kila Alhamisi alasiri wanakutana wanaume wanaojaribu kuacha kunywa. Kaka yako akaenda, akaona haya kuuliza, akaagiza kigoda. Wiki iliyofuata akaagiza kingine. Nyumba ilijaa vigoda, wifi, mpaka Alphonse mwenyewe akamhurumia, akamwambia aingie tu akae na wenzake. Siku hiyo nilicheka, na nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Mle ndani kila mtu anasema linalomsumbua, wengine wanasikiliza, basi. Sharti ni mlango ufungwe na jina la mtu lisitoke nje. Élie akaanza kula, akaanza kulala usingizi wa kweli. Nikampata mume wangu tena.

Lakini unaijua Fizi yetu. Wanaume wakijifungia ndani, hawaimbi, hawasali kwa sauti, na chupa haionekani, watu wataanza kujiuliza wanapanga nini. Tena kati yao alikuwamo Semutobo, mzee wa watu wa milimani, aliyekimbilia hapa nyumba yake ilipochomwa. Ugonjwa wake ni uleule wa kaka yako. Ila watu walimwona akiingia, na maneno yakaenea kwamba mle ndani zinapokelewa habari za waasi wa huko juu. Sasa haonekani kwake wala sokoni. Hakuna anayeuliza, na mimi pia ninaogopa kuuliza.

Jumatatu vijana wa ulinzi wa mtaa walimsimamisha Élie njiani. Eddy, yule aliyekua akila kwetu na kumwita Élie yaya, kaka mkubwa, ndiye aliyesema: "Yaya Élie, munapangaka nini pale kwa fundi? Hamuimbake, hamunywake. Bantu gani banakutanaka bila kunywa?" Kaka yako akajibu, "Tunaongeaka tu." Jibu baya kuliko yote, Marthe! Wakamwambia Alhamisi watakuja wenyewe kuyasikia hayo maongezi.

Alphonse aliwaita wenzake akawashauri wafungue mlango, waseme wazi kwamba wao ni walevi wanaojitibu. Karibu wote walikataa. Mmoja alisema mbele ya Élie: "Afazali baniite muasi. Muasi banamuogopaka, mulevi banamuchekaka." Akachukua kofia yake akaondoka, na wengine nyuma yake. Niliposimuliwa nilikasirika mpaka maharage yakaungua jikoni. Aibu gani hiyo ya kuwazika watu?

Élie naye ana la kupoteza. Kanisa likijua, ushemasi umekwisha. Asubuhi nilimwomba abaki nyumbani, hata nikalia. Akaniambia: "Nikibakia leo, kesho nitakunywa. We mwenyewe unajua." Ninajua. Akibaki, pombe itamuua mbele ya macho yangu. Akienda, sijui.

Basi tumekubaliana. Leo mlango utakuwa wazi. Élie atasimama ataje jina lake na ugonjwa wake, mtaa mzima usikie, nami nitakaa kando yake nimevaa kitenge changu cha kanisani, ili waone hakuna siri pale. Alphonse ameahidi kuwapo. Wengine hawajatuma neno. Nimetoka huko sasa hivi kupeleka maji ya kunywa, nikakuta vijana wamekwisha kukaa juu ya mbao wakingoja. Eddy sikumwona. Waliokaa pale siwajui, na salamu yangu hawakuiitikia. Ninaogopa, wifi, ninaogopa sana.

Nimetaka ulisikie kwetu kwanza, lolote utakaloambiwa baadaye: ndugu yako si muasi. Ni mlevi, na ameacha.

Nisalimie shemeji Déogratias, na dada Fanny akija kukutembelea, na wote wanaotukumbuka hapo kambini. Mungu aliyewavusha ninyi mwaka ule awafunike, na sisi asitusahau.

Anayekukabidhi barua hii ni mtoto wetu Merveille. Anavuka na wamama wanaopeleka samaki wa ndagala Kigoma. Nimemwambia anakuja kukusaidia kazi kidogo, na nguo zake zote nimezifunga ndani ya mzigo wa unga asizione njiani. Mpokee. Usimrudishe mpaka usikie sauti yangu mimi mwenyewe.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,
Arlette